Lugha ya Mahakama na Asili ya Sheria ya Kawaida ya Kiingereza: Funzo kwa Mbale

Makala haya yanahoji dhana kwamba sheria ya kawaida ya Kiingereza haiwezi kutenganishwa na lugha ya Kiingereza. Historia ya sheria hiyo yenyewe inaikanusha dhana hiyo.

Sheria hiyo ilistawi katika karne ya 12, hususan enzi ya Mfalme Henry II (1154–1189), ambaye majaji wake walizunguka majimboni wakisikiliza mashauri kwa niaba yake. Taratibu, maamuzi yao yalizaa kanuni za nchi nzima badala ya mila za kila eneo. Hata hivyo, kufuatia uvamizi wa Wanormani wa mwaka 1066, lugha za sheria zilikuwa Kifaransa na Kilatini. Mwaka 1362 Bunge liliagiza mashauri yaendeshwe kwa Kiingereza, kwa kuwa wadaawa hawakuelewa yaliyosemwa juu yao. Kumbukumbu ziliendelea kuandikwa kwa Kilatini hadi mwaka 1733, isipokuwa miaka michache ya karne ya 17.

Uganda iliipokea sheria hii kwa Amri ya Mfalme katika Baraza ya mwaka 1902. Sheria ya kawaida, kanuni za usawa na sheria za jumla zilizotumika Uingereza tarehe 11 Agosti mwaka huo zikawa sheria za hapa. Mila za wenyeji zilikubaliwa iwapo tu hazikupingana na haki na maadili, kwa kipimo cha jaji mgeni.

Leo, mdaawa wa Mbale asemaye Lumasaaba, Ateso au Kiswahili hukabiliana na mahakama ya Kiingereza. Ibara ya 28 ya Katiba ya mwaka 1995 humpa mshtakiwa mkalimani bila malipo. Mkalimani humfikishia maneno ya siku ile. Hamfikishii hukumu za awali zinazomfunga jaji.

Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, kitumike kwa namna itakayoelekezwa na Bunge. Tanzania, yenye urithi uleule wa kisheria, ilikifanya Kiswahili lugha ya mahakama kwa sheria ya mwaka 2021. Funzo la 1362 ni kwamba kubadili lugha ya mazungumzo pekee hakutoshi. Kwa hiyo tunapendekeza tafsiri ya hukumu kuu na uundaji wa istilahi viende sambamba na sheria ya Bunge, visiachwe kuifuata.