Ukungu wa Dirisha la Boti: Neno Moja, Kasoro Tatu

Nahodha akisema madirisha ya boti yake yameingia ukungu, kila mtu bandarini anamwelewa. Fundi peke yake ndiye anayebaki na swali, kwa sababu hajajua bado ashike sabuni, msasa, au bisibisi ya kung'olea kioo chote.

Madirisha haya, ingawa tunayaita vioo, ni ya plastiki, na wataalamu wa plastiki wana kipimo cha ukungu huu. Hutazama mwanga uliopenya kwenye kioo, kisha huhesabu ni asilimia ngapi imepotoka kwa zaidi ya nyuzi 2.5 kutoka njia yake. Kwa hiyo kinachopotea si mwanga bali mwelekeo wake: chumba cha usukani kinaweza kujaa nuru na nahodha asilione boya lililo mbele yake. Neno "ukungu" linafaa kabisa kwa maana hiyo, maana ukungu wa alfajiri hufanya vivyo hivyo. Tatizo ni kwamba linaitaja dalili tu. Napendekeza tuliache libebe dalili, na visababishi tuviite kwa majina yake: utando, mikwaruzo na nyufa.

Utando ni chumvi, mafuta na sabuni iliyokaukia juu. Huo hauna ugumu. Mwaga maji baridi mengi yayeyushe chumvi kabla kitambaa hakijagusa kioo, kwa kuwa punje ya chumvi ikisuguliwa nacho huchora. Kisha sabuni laini na kitambaa cha pamba. Karatasi za kufutia mikono ziache jikoni.

Ikiwa ukungu umebaki baada ya kuosha na kukausha, lowesha kidole upitishe maji kwenye sehemu ndogo ya kioo, kwanza nje, kisha ndani. Hapo inafaa kutazama kwa makini. Mahali palipopita kidole panaweza kung'aa ghafla, mlingoti wa boti ya jirani ukaonekana wima na mweusi, kisha maji yakikauka weupe ukarudi. Maji yamejaza mikwaruzo. Kiwango cha kupinda mwanga cha akriliki, mojawapo ya plastiki hizo, ni 1.49, cha maji 1.33, cha hewa 1. Maji yanaikaribia plastiki kuliko hewa, basi mwanga unapita bila kutawanyika sana. Jaribio hilo linakuambia kasoro iko juu ya uso, na upande gani. Inatibika.

Tiba yake ni kupiga msasa wa maji. Neno tunalo tangu zamani: msasa ni mti ambao majani yake makavu yamesugulia mbao miaka mingi kabla ya karatasi ya dukani kurithi jina. Anza na namba 800 kama mikwaruzo inashikika kwa ukucha, la sivyo 1000, kisha 1500 na 2000, maji yakitiririka muda wote. Kila ukibadili namba badili na mwelekeo wa mkono, usisonge mbele mpaka alama za namba iliyotangulia ziishe. Kwa muda kioo kitakuwa cheupe kuliko ulivyokikuta, usiogope. Uangavu hurudi kwa kompaundi laini ya kung'arishia na polishi ya plastiki. Ukitumia mashine, isitulie mahali pamoja, kwa kuwa akriliki hulainika kwenye joto la karibu nyuzi 100 za Selsiasi.

Haya ni ya akriliki, ambayo wengi huiita Perspex. Pazia laini la vinaili halipigwi msasa, hupakwa polishi yake tu. Likigeuka njano na kukakamaa, kilainishi kilichokuwa ndani yake kimeshatoka. Polikaboneti nayo mara nyingi ina ngozi nyembamba ya kuikinga na jua na mikwaruzo, na msasa huiondoa ngozi hiyo.

Kasoro ya tatu ndiyo mbaya. Tazama kioo kwa mshazari jua likiwa chini: ukiona vijimstari vinavyometameta kama utando wa buibui, hizo ni nyufa za unywele. Huletwa na plastiki iliyobanwa huku ikichomwa na jua, na huharakishwa na dawa ya vioo yenye amonia, spiriti au tina ya rangi. Inasikitisha kwamba mikono inayozileta mara nyingi ni ya mtu anayeipenda boti yake na kuisafisha kila wiki. Msasa hauzifikii, kwa kuwa zimeingia ndani.

Kioo hicho hubadilishwa. Kipya kitobolewe matundu mapana kuliko skrubu, kwa kuwa akriliki ya urefu wa mita 1 hutanuka karibu milimita 2 joto likipanda nyuzi 30, na skrubu zikazwe kwa kiasi, juu ya raba au gundi inayonyumbuka.