Wapiga Tarumbeta, Marafiki Zao na Chupa

   Leo tutaweka kando lishe na chanjo. Keti, weka hiyo kazi ya mkono karibu, nikusimulie habari za watu waliopiga tarumbeta miaka mia moja iliyopita.

Sababu ni hii. Baada ya kipindi cha ugonjwa wa ini, mama mmoja alinisimamisha hapa sokoni Karurumo. Kijana wake ana miaka ishirini na sita, anapiga kinanda kwenye harusi, na ana kipawa kweli. Tatizo ni pombe. Nilianza kumwambia amtenge na marafiki wabaya, akanikatiza. Akasema, "Marafiki zake si wabaya. Wanampenda. Akikosa pesa wanamnunulia, akilewa wanambeba mpaka mlangoni kwangu. Sasa nigombane nao kwa lipi?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nilirudi nyumbani nikimfikiria kijana mmoja wa Marekani aitwaye Bix.

Tarumbeta si kitu kigeni huku kwetu. Wengi wetu tumeisikia Jumapili asubuhi, Jeshi la Wokovu wakipita na ngoma na bendera. (Askari wa jeshi hilo huapa kutoonja pombe, kwa hiyo mwenye tarumbeta siyo lazima awe mlevi.) Neno jazi nalo unalijua. Wazazi wetu walicheza nyimbo za Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, na Dar es Salaam Jazz kabla yake. Bendi zetu zilichukua jina hilo ingawa zilipiga zaidi dansi na rumba. Muziki wenyewe wa jazi ulitoka mbali, kwa watu weusi wa mji wa New Orleans, jimbo la Louisiana, watoto na wajukuu wa watumwa. Mmoja wao, Louis Armstrong, alifika hata Nairobi na tarumbeta yake mwaka 1960.

Kabla ya Armstrong alikuwako Buddy Bolden, aliyezaliwa New Orleans mwaka 1877. Wazee wa mji huo walimwita mfalme. Hakuna rekodi yake iliyobaki, lakini waliomsikia walisema sauti ya tarumbeta yake ilivuka mitaa. Bolden alikunywa sana. Mwaka 1906 alianza kuumwa kichwa na kuogopa vitu visivyokuwapo. Mwezi wa Machi, akiwa kitandani mgonjwa, alidhani mama mkwe wake anamtilia dawa mbaya, akaruka na kumpiga kichwani kwa jagi la maji. Mwaka uliofuata alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Alikuwa hajatimiza miaka thelathini. Hakutoka tena mpaka alipokufa Novemba 1931. Kwenye karatasi za hospitali sababu ya ugonjwa iliandikwa kuwa ni pombe. Madaktari wa leo wanadhani huenda alikuwa pia na ugonjwa wa akili wenyewe, na pombe ikauzidisha. Nakuambia haya kwa sababu mara nyingi tunamwita mtu mlevi tu, tukamaliza, kumbe chini yake kuna ugonjwa mwingine ambao hakuna aliyeuuliza.

Sasa tuje kwa Bix. Jina lake la ukoo lilikuwa Beiderbecke, mtoto wa Wazungu wenye uwezo, kazaliwa Machi 1903 katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa. Mama yake, Agatha, alipiga piano. Kaka yake alipotoka vitani alileta gramafoni na sahani za santuri, na Bix akajifunza korneti kwa kusikiliza tu. Korneti ni tarumbeta fupi. Hakuna mwalimu aliyemwonyesha vidole viwekwe wapi. Wazazi hawakuupenda muziki huo, wakampeleka shule ya bweni karibu na Chicago mwaka 1921. Kumbe wamemsogeza karibu zaidi! Usiku alitoroka kwenda kusikiliza bendi za mjini, na mwaka 1922 shule ikamfukuza.

Miaka hiyo pombe ilikuwa imepigwa marufuku Marekani nzima, tangu Januari 1920 hadi Desemba 1933. Unadhani watu waliacha? Walinywa kwa siri, kwenye vyumba vya nyuma, na wanamuziki ndio waliokuwa wakifanya kazi humo. Pombe ilikuwa ya magendo, mara nyingi spiriti ya viwandani iliyochanganywa na maji na ladha. Serikali ilikuwa imeamuru spiriti ya viwandani itiwe methanoli ili watu wasiinywe, na mwishoni mwa mwaka 1926 kiasi cha sumu hiyo kikaongezwa. Watu wakainywa hivyo hivyo. Krismasi ya mwaka huo huko New York wengine walikufa na wengine wakapofuka.

Hapo, mama, huhitaji mtu wa kukueleza. Mei 2014 ilikuwa hapa Embu. Watu walikunywa jioni wakitaniana, asubuhi wakaamka hawaoni. Embu na kaunti nyingine zikijumlishwa, waliokufa walikuwa zaidi ya sitini, na sisi ndio tulioumia zaidi. Februari 2024 yakatokea tena kwa jirani zetu wa Kangai, Kirinyaga. Methanoli ikinywewa haionyeshi haraka. Ini huigeuza pole pole kuwa tindikali inayoharibu mshipa wa macho na ubongo, na dalili huweza kuchelewa saa kumi na mbili hadi siku nzima au zaidi. Mtu akikuambia anaona ukungu, tumbo linamkata na anahema kwa nguvu baada ya kunywa jana, hayo si mning'inio wa kawaida. Usimpe maziwa, usimtapishe, usimwache alale ajisikie vizuri. Mkimbize hospitali, na useme wazi amekunywa nini. Hospitalini kuna dawa ya kuizuia sumu hiyo, na mashine ya kusafisha damu. Hapa saa moja ni kitu kikubwa.

Bix hakupofuka. Pombe ilimchukua taratibu, na katikati ya marafiki wema. Hili ndilo nililotaka yule mama alisikie.

Alikuwa na rafiki aitwaye Hoagy Carmichael, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Indiana. Mwaka 1924 Hoagy aliileta bendi ya Bix kupiga chuoni kwao, na Bix ndiye aliyempa moyo atunge nyimbo. Wimbo wake wa kwanza ulirekodiwa na bendi ya Bix mwaka huo huo. Hoagy alikuja kuwa mtunzi mashuhuri, na miaka saba baada ya Bix kufa alipata mtoto wa kiume, akamwita Hoagy Bix. Alikuwako pia Frankie Trumbauer, mpiga saksafoni, aliyekuwa kama kaka mkubwa. Walifanya kazi pamoja miaka mingi, naye Frankie alijaribu kumweka Bix kwenye mstari. Na alikuwako Louis Armstrong mwenyewe. Siku hizo mweusi na mweupe hawakuruhusiwa kupiga pamoja mbele ya watu. Armstrong alisimulia kwamba bendi ya Bix ilipokuwa Chicago mwaka 1928, Bix alimfuata baada ya kazi, wakangoja wateja waondoke, wakafunga milango na kupiga wenyewe kwa wenyewe.

Je, hao ni marafiki wabaya? Hata kidogo. Lakini nyumba za kupigia zilikuwa nyumba za kunywea, kazi iliisha alfajiri, na kukaa pamoja kulimaanisha chupa katikati. Hakuna aliyekusudia kumdhuru mwenzake.

Mwishoni mwa 1928 Bix alivunjika afya, akashikwa na nimonia pia, akarudi kazini kabla hajapona sawasawa. Septemba 1929 akaanguka tena. Mwenye bendi, Paul Whiteman, hakumfukuza. Alimrudisha kwao Davenport akaendelea kumlipa kwa muda, na kiti chake kwenye bendi kikaachwa wazi kikimngoja. Oktoba akaingia kituo cha matibabu ya walevi huko Dwight, jimbo la Illinois, akakaa kama wiki tano. Alitoka ametulia. Akarudi New York, kwenye vyumba vile vile na usiku ule ule, na haikuchukua muda akawa anakunywa tena.

Tarehe 6 Agosti 1931 kulikuwa na joto. Bix alikuwa peke yake kwenye chumba alichopanga mtaa wa Queens. Jioni msimamizi wa nyumba alisikia kelele, akaenda kutazama. Akamkuta Bix anatetemeka mwili mzima, anasema kuna watu wawili chini ya kitanda wenye visu virefu. Yule bwana akainama kutazama uvunguni ili amtulize. Alipoinuka kumwambia hakuna mtu, Bix aliyumba akamwangukia mikononi, akafa. Alikuwa na miaka ishirini na minane. Cheti kiliandikwa nimonia. Mama yake, Agatha, alipanda treni pamoja na yule kaka wa gramafoni kwenda kuuchukua mwili.

Kutetemeka kule na kuona watu wasiokuwapo ni jambo ambalo kila mlezi anapaswa kulijua. Humpata mtu aliyezoea pombe nyingi kila siku anapoikosa ghafla au anapoipunguza kwa haraka, hasa akiwa tayari na ugonjwa mwingine kama nimonia. Mwili umezoea kupozwa na pombe. Ikiondolewa mara moja, ubongo unawaka kama moto wa mabua. Saa za mwanzo mikono hutetemeka, jasho linatoka, moyo unaenda mbio, usingizi haupo. Ndani ya siku mbili anaweza kuanguka kifafa. Siku ya pili hadi ya nne ndipo huja kuchanganyikiwa, joto kali na maruweruwe. Watu hufa hapo. Kwa hiyo ile tabia ya kumfungia mtu chumbani "mpaka pombe imtoke" ni hatari, hata ukifanya kwa upendo. Na wala simaanishi umpe nyingine ya kutoa loki kila asubuhi. Namaanisha aache akiwa mikononi mwa daktari. Atapewa dawa ya kutuliza ubongo, maji, na vitamini B1 ambayo pombe huimaliza mwilini, na kwa wengi siku hizo mbaya hupita ndani ya wiki moja.

Mwingine ni Bunny Berigan wa Wisconsin, naye mpiga tarumbeta hodari, aliyerekodi wimbo wake mkubwa mwaka 1937. Huyu ini ndilo lililomwisha. Ini la mnywaji hujaa makovu, likawa gumu, damu ikikosa njia hufurisha mishipa ya koo la chakula mpaka inapasuka. Aprili 1942 madaktari walimwambia aache pombe na apumzike na tarumbeta. Alirudi jukwaani, alikuwa na madeni na bendi iliyomtegemea. Alikufa tarehe 2 Juni 1942, miaka thelathini na mitatu, akaacha mke na mabinti wawili wadogo. Rafiki yake Tommy Dorsey, aliyewahi kumwajiri, alisaidia familia. Msaada mzuri, ila ulikuwa wa matanga.

Nisije nikakudanganya kwamba kila msiba wa wanamuziki hao uliletwa na pombe. Joe Oliver, aliyemlea Armstrong kimuziki kama mwanawe, hakuwa mlevi. Alipenda sukari, ufizi ukaoza, meno yakatoka, na mpiga tarumbeta bila meno amekwisha. Mwaka 1937 Armstrong alimkuta Savannah, jimbo la Georgia, anauza mboga kwenye kibanda. Akampa pesa zote alizokuwa nazo mfukoni. Oliver alikufa mwaka uliofuata. (Mswaki, mama, asubuhi na jioni.)

Sasa nimrudie yule mama wa sokoni, maana naye anasoma kijitabu hiki. Usigombane na marafiki wa kijana wako. Waite nyumbani siku isiyo ya kazi, uwape chai, na uwaombe mambo waliyo na uwezo nayo. Wasimlipie pombe, hata akilia. Malipo ya harusi wayapeleke kwenye simu yako, au ya dada yake, kama mwenyewe akikubali. Akikubali kwenda hospitali, mmoja wao aende naye, kwa kuwa vijana huwasikia wenzao kuliko sisi. Na akitoka, wasimwache peke yake miezi ya kwanza. Hapo ndipo Bix alipopotea. Wambadilishie kazi kidogo: harusi za mchana, kanisani, kufundisha watoto kinanda. Akiteleza, mrudishe kliniki bila matusi. Kuteleza ni kawaida ya ugonjwa huu, kama malaria inayorudi.

Ukikwama, shirika la NACADA lina simu ya bure, 1192. Ukienda hospitali, uwe tayari kumjibu daktari maswali manne: anakunywa nini, kiasi gani kwa siku, mara ya mwisho ilikuwa saa ngapi, na kama amewahi kuanguka kifafa alipoikosa. Yaandike leo kwenye karatasi, uiweke pamoja na kitambulisho chake.

Kipindi kijacho tutazungumza kuhusu minyoo kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Kwaheri mama, tuonane.