Kihatarishi ni cha Nani?

Machi 2013 kampuni ya Statoil ya Norway ilitangaza kugundua gesi katika Kitalu namba 2, kusini mwa bahari ya Tanzania, mahali penye kina cha zaidi ya mita 2,000. Kisima kiliitwa Tangawizi. Jina zuri kwa masikio ya Bombo na Upare Kusini kwa jumla, ambako tangawizi ndiyo ada ya shule na bati la nyumba. Ila tangawizi ya Same hufika sokoni. Ile ya baharini bado iko chini ya sakafu ya bahari.

Nyaraka za serikali na wakaguzi zina istilahi ya mashaka ya namna hiyo, ya gesi inayoweza kufika sokoni au isifike: kihatarishi, wingi vihatarishi. Mitaani tunasema hatari, na tunaelewana. Lakini hatari hutaja ubaya wenyewe, ilhali kihatarishi ni jambo linaloweza kutokea au lisitokee, likapimwa kwa uwezekano wake na ukubwa wa hasara yake. Wapo wanaoliona neno la kiofisi mno. Mimi nalikubali: linahesabika, na kinachohesabika huulizwa mwenyewe.

Kihatarishi cha fedha kinaye mwenyewe. Katika mikataba ya kugawana mapato, mwekezaji hugharimia utafutaji. Kisima kikiwa kikavu, hasara ni yake. Gesi ikiuzwa, hujirudishia kwanza gharama kutoka fungu lililowekewa ukomo, ndipo kinachobaki kigawanywe kati yake na TPDC, shirika la taifa la mafuta na gesi. Ni kama aliyelima shamba la mwenzake kwa mbegu na vibarua wake: siku ya mavuno huanza kufidia mbegu. Gharama zikivimbishwa, anayepunjika ni mwenye shamba.

Nchini Kenya wawekezaji walionja upande wa kwanza, ule wa hasara, mwaka 2012: kisima cha Mbawa kilitoa gesi isiyotosha biashara. Kwetu gesi ipo tele, lakini Januari 2021 Equinor, ndiyo ile ile Statoil, ilipunguza vitabuni thamani ya mradi wake wa Tanzania kwa dola milioni 982. Kiwanda cha gesi kimiminika kilichopangwa Likong'o, Lindi, hakikuonekana kulipa vya kutosha.

Kihatarishi cha mazingira ndicho kigumu. Kisima cha Macondo kilipolipuka mwaka 2010 katika Ghuba ya Mexico, watu 11 walikufa na mafuta yakamwagika siku 87. Kampuni ya BP, iliyokuwa ikikiendesha kisima, iligharimika zaidi ya dola bilioni 60. Alipatikana wa kulipa. Gesi haitandi baharini kama mafuta, lakini methane inayovuja hupasha dunia joto, kwa miaka 20, zaidi ya mara 80 ya kaboni dioksidi ya uzito ule ule. Joto hilo humgusa mkulima wa Upare anayesubiri mvua ijaze ndiva, bwawa lake la umwagiliaji, lakini hayumo katika mkataba wowote wa kitalu.

Mbunge wenu akija kuzungumzia mapato ya gesi ya Lindi, mwulizeni vihatarishi vya mazingira vimeandikwa kwa jina la nani.