Barabara ya Siku Moja

Katika miaka yote niliyofundisha Historia nilikuwa na desturi ya kuwaambia wanafunzi kwamba ukitaka kujua nani ana nguvu katika nchi, usianze na bunge wala ikulu. Anza na barabara. Tazama nani anapita katikati, nani anapita pembeni, na nani anarukia mtaroni honi inapolia. Mfano ninaoupenda zaidi katika jambo hili hautoki kwetu. Unatoka kusini kabisa mwa Afrika, katika Rasi ya Tumaini Jema, na unahusu barabara moja ya pwani pamoja na wapanda baiskeli walioomba njia yao.

Barabara yenyewe huitwa Chapman's Peak Drive. Inaunganisha Hout Bay na Noordhoek, karibu na jiji la Cape Town, kwa umbali wa kilometa 9 tu, lakini katika kilometa hizo mna kona 114. Upande mmoja mlima umesimama kama ukuta, na upande wa pili bahari ya Atlantiki inavunjika chini kabisa ya miamba. Kilele cha hapo kilipata jina la John Chapman, baharia wa meli ya Kiingereza iitwayo Consent, aliyetumwa ufukweni mwaka 1607 kutafuta mahitaji.

Aliyeazimia barabara ipite mahali hapo ni Sir Frederic de Waal, Msimamizi wa Jimbo la Rasi. Wapo waliomwambia kuwa haiwezekani. Kazi ilianza mwaka 1915. Njia ikachongwa pale ambapo mwamba mgumu wa chini unakutana na matabaka ya mawe ya mchanga yaliyo juu yake, na ilichukua miaka saba. Ilifunguliwa tarehe 6 Mei 1922 na Mwanamfalme Arthur wa Connaught, aliyekuwa Gavana Mkuu.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea vimeundwa. Waliotumiwa kupasua miamba ile walikuwa wafungwa. Waliokusudiwa kuifurahia ni wenye motokaa, ambao mwaka 1922 walikuwa wachache mno. Yaani tangu siku ya kwanza barabara ile ilikuwa na watu wa jasho na watu wa mandhari, na hawakuwa watu wale wale.

Tuvuke miaka hamsini na mitano. Kufikia mwaka 1977 magari yalikuwa yamejaa Cape Town, na mpanda baiskeli alikuwa hana mahali pake. Ndipo Bill Mylrea na John Stegmann walipowakusanya mamia ya wenye baiskeli wapite mjini pamoja, kuionyesha serikali kwamba wanahitaji njia zisizo na magari. Hawakuomba kikombe wala medali. Waliomba njia ya kwendea kazini, shuleni na sokoni bila kuhatarisha maisha.

Njia hazikujengwa. Ili hoja isife, mwaka uliofuata, Oktoba 1978, waliandaa mbio za kuizunguka rasi, na watu 525 wakajiandikisha. Mbio hizo zilikua mwaka hadi mwaka, zikabeba jina la gazeti la Cape Argus kwa miaka mingi, na leo hujulikana kama Cape Town Cycle Tour. Washiriki wamefikia maelfu thelathini na zaidi kwa siku moja. Kwa kawaida ni Jumapili ya mwezi Machi: barabara hufungwa, magari huondolewa, na kilometa 109 za mwendo huo huwa mali ya baiskeli. Wanateremka pwani kupitia Muizenberg, Fish Hoek na Simon's Town, wanageukia upande wa pili wa rasi, wanaipanda Chapman's Peak, kisha wanarudi mjini kupitia Camps Bay. Jioni magari hurejea.

Hapo ndipo ninapotaka msomaji atue kidogo. Watu waliomba njia ya kila siku, wakapewa barabara nzuri kuliko zote kwa siku moja. Furaha yake ni ya kweli, wala siibezi. Mgala muue na haki yake mpe: mapato ya mbio hizo husaidia chama cha wapanda baiskeli na kazi za hisani za Rotari. Lakini mfanyakazi hawezi kungoja Machi ili aende kazini.

Aidha, tukumbuke ni nani aliyeweza kuishi kandokando ya pwani hiyo. Chini ya sheria ya mwaka 1950 ya kutenga makazi kwa rangi, Simon's Town ilitangazwa mwaka 1967 kuwa mji wa Wazungu. Maelfu ya watu waliokuwa na nyumba, misikiti na makanisa hapo walihamishwa. Wengi walipelekwa katika kitongoji kipya kilichopewa jina la Ocean View, yaani Mandhari ya Bahari. Jina la dhihaka kwa watu waliotolewa ufukweni. Sheria iliyotenga fukwe na mahali pa starehe kwa rangi ilifutwa mwaka 1990 tu. Kwa hiyo mbio zilipoanza, palikuwa na watu waliozuiwa kwanza na sheria kabla hawajazuiwa na magari.

Kisa kingine kinakamilisha somo. Desemba 1999 jiwe liliporomoka Chapman's Peak na kumuua mtu ndani ya gari. Januari 2000 barabara ikafungwa, na mbio zikapitishwa barabara nyingine, Ou Kaapse Weg. Wahandisi wakaitwa, nyavu za chuma zikatandazwa juu ya miteremko, sehemu moja ikafunikwa kwa paa la mwamba, na Desemba 2003 barabara ikafunguliwa tena kwa malipo. Gari lilipokosa njia, fedha, wataalamu na mipango vilipatikana ndani ya miaka minne. Baiskeli ilipokosa njia, ilingoja zaidi ya thelathini ndipo jiji likajenga njia ya maana, ile iendayo Table View sambamba na njia ya mabasi.

Nasema haya si kwa kuwasema majirani. Baiskeli ndiyo iliyotubeba walimu wa zama zangu. Ndiyo iliyobeba mitihani, mgonjwa na gunia la mahindi. Katika shule moja niliyoiongoza, iliyokuwa kando ya barabara kuu, tulimzika mvulana wa darasa la sita aliyegongwa na basi akirudi nyumbani kwa baiskeli ya baba yake. Basi halikusimama. Katika mazishi nilisikia mtu mzima akiuliza mtoto alikuwa anafanya nini barabarani. Nilimjibu kwamba alikuwa anatoka shule, na kwamba njia nyingine haikuwapo.

Swali lile bado linaulizwa mahali pengi, nalo limekaa kichwa chini miguu juu. La kuuliza ni kwa nini nchi inaweza kupasua mlima wa jiwe ili wachache watazame bahari, lakini inashindwa kuacha mita mbili za ardhi tambarare pembeni mwa lami. Cape Town inaonyesha kila mwaka kwamba linawezekana. Kwa saa chache barabara hubadilika mwenyewe, watoto na wazee hupita, na jiji halianguki. Kilichobaki ni kulitenda hilo Jumatatu pia, kwa njia nyembamba tu, isiyohitaji bendera wala ngoma.