Njegere Zilizokunjamana



Kati ya mwaka 1856 na 1863, katika bustani ya monasteri ya Waagustino mjini Brno, Padre Gregor Mendel alipanda njegere, akachanganya aina moja na nyingine, kisha akahesabu. Alikuwa ameshindwa mtihani wa kupata cheti cha ualimu huko Vienna. Sisi tuliosomea kazi hiyo twamwonea huruma.

Aina moja ilikuwa na mbegu za mviringo, nyingine mbegu zilizokunjamana. Alipozichanganya, kizazi cha kwanza chote kilitoka mviringo, kana kwamba mikunjo imetoweka. Lakini katika kizazi cha pili mikunjo ilirudi: mbegu 5,474 za mviringo na 1,850 zilizokunjamana, yaani karibu tatu kwa moja. Mendel akatambua kwamba kila mmea hupokea urithi kutoka pande mbili, na kwamba urithi waweza kufichwa bila kuangamizwa. Aliyasoma hayo mbele ya wataalamu wa mji wake mwaka 1865, na wachache mno waliyatilia maanani. Alifariki mwaka 1884. Kazi yake ikafufuliwa mwaka 1900.

Hata hivyo, mikunjo yenyewe yatoka wapi? Jibu lilipatikana mwaka 1990, huko Norwich, Uingereza. Ndani ya mbegu, wanga hujengwa na vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kazi za uhai. Kimeng'enya kimoja hutia matawi kwenye minyororo ya wanga. Katika njegere zilizokunjamana, kipande cha ziada cha ADN, chenye herufi zipatazo 800, kimejipenyeza ndani ya jeni inayotoa maagizo ya kimeng'enya hicho, kikaiharibu. Basi wanga hupungua na sukari huzidi. Sukari huvuta maji, mbegu huvimba. Ikikauka, husinyaa kuliko ganda lake, nalo ganda hukunjamana. Mmea wenye jeni moja nzima hutengeneza kimeng'enya cha kutosha; ndiyo maana kizazi kile cha kwanza hakikuonyesha mkunjo hata mmoja.

Nimesema "kuharibu", lakini neno hilo ni la maabara. Jikoni mambo ni mengine: wakulima wa bustani wamezichagua njegere hizo tangu zamani, zichumwe na kuliwa zingali mbichi, kwa kuwa sukari ile iliyokosa kugeuzwa wanga huzifanya kuwa tamu kuliko zile za mviringo.