Kumtafuta Bibi Aliyeletwa na Msafara

Wakwere na Wazigua wa pande za Msata huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na anayemtafuta bibi yake huanzia huko. Lakini mwanamke aliyeletwa pwani na msafara wa watumwa alikwisha kutengwa na ukoo wake.

Swema alikuwa binti wa Kiyao. Baba yake aliuawa na simba. Mama akaingia katika deni, na mdai akamchukua mtoto kuwa malipo, akamwuza kwa wenye msafara. Mama hakukubali kuachana naye. Alijitoa mwenyewe kuwa mtumwa apate kufuatana na mwanawe, naye akafia njiani. Swema alifika Unguja akiwa mahututi, akazikwa angali hai. Kijana mmoja alisikia kilio chake, akamfukua na kumpeleka kwa masista wa misheni ya Kikatoliki, misheni ileile iliyoanza kazi Bagamoyo mwaka 1868. Huko alibatizwa, akaitwa Madeleine.

Habari zake zilichapishwa kitabu huko Paris mwaka 1870. Laiti lingebaki jina la ubatizo peke yake, upendo wa mama yule ungalipotea.

Kwa hiyo yafaa kila jina lililomo katika daftari la ubatizo liandikiwe pia jina la nyumbani, la mama, na la kijiji alikotoka. Mtume Paulo, akimwandikia Timotheo, hakusahau kuwataja Loisi bibi yake na Eunike mama yake.