Bahasha ya David Chaum

Noti ya elfu moja ikishatoka mkononi haisemi ilikuwa ya nani. Muuza nyanya hakuulizi jina, na benki haijui umekula nini. Kadi ya benki, hapana: inaandika kila kitu, duka, saa na kiasi.

Mmarekani David Chaum aliliona hilo mapema, mwaka 1982, akaleta dawa yake. Fikiria bahasha yenye karatasi ya kaboni ndani. Unatia kikaratasi chenye namba ndefu uliyoibuni mwenyewe, unaifunga, unaipeleka benki. Benki inakata dola moja kwenye akaunti yako, kisha inasaini juu ya bahasha bila kuifungua. Saini inapenya hadi kwenye kikaratasi. Ukikitoa, hiyo ni pesa. Muuzaji akikirudisha benki, wataijua saini yao na watahakikisha namba haijatumika kabla. Nani alipewa? Hawajui. Chaum alifanya yote haya kwa hesabu tupu, na kwangu ndiyo sehemu tamu ya hadithi.

Kampuni yake, DigiCash ya Amsterdam, ilipata benki Marekani mwaka 1995: Mark Twain ya St. Louis. Mwaka 1998 ikafilisika. Nadhani wateja hawakuona shida. Kadi walikuwa nayo tayari.

M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, watu wengi waliacha kusafiri na mabunda ya noti, na hiyo ni nafuu kubwa. Ila ukimtumia muuza chipsi hela, alibaki na jina lako na namba yako.